Lafudhi ya Chumba: Namna ya Kutibua Kile Ambacho Wi-Fi Inajua juu Yetu

Mtu akifika mlangoni na kusema "hodi", neno lake halibebi habari yoyote. Wote tunalijua na wote tunalitarajia. Hata hivyo aliye ndani mara nyingi hutambua aliyefika ni nani, kama ana mafua, kama amechoka, kama yupo mlangoni kabisa au bado yuko uani. Habari hizo haziko katika neno lenyewe, ziko katika namna neno lilivyofika. Makala haya yanaeleza jinsi mawimbi ya Wi-Fi yanavyoweza kusomwa kwa njia hiyo hiyo, na jinsi wahandisi wanavyojaribu kuzuia yasisomwe na kila mtu.

Wanafunzi wa lugha wanaweza kuuliza jambo hili linawahusu nini. Linawahusu kwa sababu limekaa katika tofauti tunayoifundisha tangu mwaka wa kwanza, yaani tofauti kati ya kinachosemwa na namna kinavyotamkwa. Tumezoea kuambiwa kwamba siri zetu mtandaoni zinalindwa na usimbaji fiche, na hiyo ni kweli: ujumbe unaopita hewani kati ya simu na ruta husimbwa, na jirani akiudaka hataona ila namba zisizo na maana. Lakini usimbaji fiche hulinda maneno tu. Lafudhi inabaki wazi, na katika Wi-Fi lafudhi hiyo si ya mtumaji. Ni ya chumba na ya watu waliomo.

Kila pakiti hubisha hodi

Wi-Fi ni redio. Hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo kila moja lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, au ya gigahezi 5, yenye urefu wa sentimita 6. Wimbi likitoka kwenye antena haliendi moja kwa moja kwa mpokeaji kama jiwe lililotupwa. Linasambaa kila upande. Sehemu moja hufika kwa njia ya mkato, nyingine hugonga sakafu kwanza, nyingine hugonga kabati la chuma, nyingine hugonga mwili wa mtu aliyeketi mezani, kisha zote hufika kwa kuchelewana kidogo sana na kujumlishana. Kilele kikikutana na kilele, ishara inapata nguvu. Kilele kikikutana na bonde, zinauana.

Mwili wa binadamu una maji mengi, kwa hiyo huakisi na kuzuia mawimbi haya vizuri. Chukueni gigahezi 5. Mtu akisogea sentimita moja na nusu tu, njia ya kwenda na kurudi ya wimbi linalomgonga inaweza kubadilika kwa sentimita 3, yaani nusu ya urefu wa wimbi. Hiyo inatosha kugeuza kukutana kwa vilele kuwa kukutana kwa kilele na bonde. Hata kifua kinachopanda na kushuka kwa milimita chache wakati wa kupumua huacha alama inayopimika.

Sasa mpokeaji ana tatizo. Ishara inayomfikia imeshavurugwa na chumba kizima, naye anatakiwa kuisoma bila kosa. Dawa iliyowekwa na wataalamu ni rahisi: kila pakiti huanza na sehemu ambayo maudhui yake yamepangwa mapema katika viwango vya kimataifa. Mpokeaji anajua kilichotumwa kabla hakijafika. Analinganisha alichopokea na alichotarajia, na tofauti iliyopo ni kazi ya chumba. Akishaijua tofauti hiyo, anaiondoa katika sehemu iliyobaki ya pakiti, na ujumbe unasomeka. Sehemu hiyo ya mwanzo ndiyo hodi ya Wi-Fi. Haibebi habari yoyote ya mtumiaji, na kwa kuwa kila kifaa hupaswa kuielewa hata kabla ya kusalimiana, haisimbwi.

Kipimo kinachopatikana hapo huitwa taarifa za hali ya njia. "Njia" hapa ni yote yaliyo kati ya antena mbili: hewa, kuta, viti, watu. Kipimo hicho ni cha kina kuliko mtu anavyodhani. Katika Wi-Fi ya kiwango cha 802.11n, mkondo wa megahezi 20 hugawanywa katika vijimkondo 64, na 56 kati yake ndivyo vinavyotumika. Kwa kila kijimkondo mpokeaji hupata namba mbili: wimbi limepungua nguvu kiasi gani, na limechelewa kiasi gani katika mzunguko wake. Mtandao ukiwa na shughuli, pakiti hupita kwa mamia kila sekunde, na kila pakiti huleta picha mpya ya chumba.

Waliosoma fonetiki watakuwa wameshaitambua picha hii. Mwaka 1960 Gunnar Fant aliielezea sauti ya binadamu kama kazi ya hatua mbili: nyuzi za sauti hutoa sauti ghafi, kisha koo, kinywa na pua huichuja. Ulimi ukisogea, kichujio hubadilika, fomanti huhama, nasi husikia irabu nyingine. Katika Wi-Fi antena ni nyuzi za sauti, chumba ni kinywa, na mtu anayetembea ndani yake ndiye ulimi. Anayepima hali ya njia anafanya kile tunachofanya tukitazama spektrogramu: anakisia ulimi ulikuwa wapi.

Mfano wa pili unafaa zaidi kwa ile hodi. Mwaka 1957 Peter Ladefoged na Donald Broadbent waliwasikilizisha watu sentensi fupi iliyotengenezwa kwa mashine, ikifuatiwa na neno moja la kutambua. Walipobadilisha fomanti za sentensi ya mwanzo, neno lile lile la mwisho, lisiloguswa, lilisikika kama neno jingine. Wasikilizaji walikuwa wameitumia sentensi ya kwanza kumzoea msemaji, kisha wakasikia neno kwa kipimo hicho. Ruta na simu hufanya hivyo kwa kila pakiti. Tuliweke akilini jaribio hili, kwa sababu njia ya kulinda faragha imejengwa juu yake.

Waliokwisha kusoma

Kwa miaka mingi kipimo hiki kilizaliwa na kufa ndani ya chipu bila mtu wa nje kukiona. Mwaka 2011 Daniel Halperin na wenzake walitoa programu iliyowezesha kadi moja ya kawaida ya kompyuta, Intel 5300, kukitoa nje na kukihifadhi. Tangu hapo mlango ukawa wazi kwa maabara yoyote yenye kompyuta ya zamani. Mwaka 2013 Fadel Adib na Dina Katabi wa MIT, Marekani, walionyesha kwamba mawimbi ya Wi-Fi yanaweza kutambua watu wanaotembea nyuma ya ukuta. Vifaa vyao havikuwa ruta za dukani, lakini wazo lilikuwa limesimama.

Utafiti unaotugusa zaidi ni ule wa mwaka 2014 uliofanywa Hong Kong na kupewa jina WiHear. Guanhua Wang na wenzake walielekeza mawimbi kwenye kinywa cha msemaji kwa antena maalumu, wakasoma mabadiliko yanayoletwa na midomo, ulimi na taya. Kwa msemaji mmoja asiyezidi maneno sita walipata usahihi wa wastani wa asilimia 91. Kwa watu hadi watatu wanaosema pamoja, ulifika asilimia 74.

Hapa ni vizuri mtu wa lugha asimame kidogo kabla ya kuogopa. Asilimia 91 ya nini? Ya orodha fupi ya maneno ambayo mashine ilifundishwa kabla. Kusoma midomo kuna mipaka ambayo viziwi wanaijua kuliko mhandisi yeyote: "baba", "papa" na "mama" hufanana kabisa kwa umbo la nje la kinywa, kwani p, b na m zote hufunga midomo, na kinachozitenganisha kiko kwenye nyuzi za sauti na puani. Katika lugha yenye viambishi vingi kama Kiswahili, ninaona safari bado ni ndefu. Atakayesema kwamba Wi-Fi inasikiliza mazungumzo yetu yote anatia chumvi.

Lakini mdukizi hahitaji mazungumzo yote. Mwaka 2015 watafiti waliotengeneza WiKey walitambua herufi zinazopigwa kwenye kibodi kwa usahihi wa asilimia 93.5 katika sentensi zinazoandikwa mfululizo, kwa kusoma tu jinsi vidole na mikono vilivyobadilisha njia kati ya ruta na kompyuta. Nako ilibidi mashine imzoee mwandishi kwanza. Na kuna habari isiyohitaji mafunzo yoyote ya lugha: je, ndani kuna mtu? Mwaka 2020 kundi la Chuo Kikuu cha Chicago, akiwemo Ben Zhao na Heather Zheng, lilionyesha kwamba mtu mwenye kifaa kidogo cha kawaida, chenye antena moja kama ya simu, anaweza kupita nje ya jengo, kukisia mahali vifaa vya Wi-Fi vilipo ndani, kisha kukaa anasikiliza na kujua ni chumba gani kina mtu anayetembea. Hakuvunja nywila yoyote. Hakutuma hata pakiti moja, kwa hiyo hakuna kitu cha kumgundua.

Neno letu "faragha" limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuwa tupu, kuwa wazi. Mahali pa faragha ni mahali pasipo watu wengine. Ni bahati ya ajabu kwamba swali la kwanza na rahisi kuliko yote ambalo Wi-Fi hulijibu ni hilo hilo: chumba ni kitupu au si kitupu? Kwa mwizi anayechagua nyumba, jibu hilo latosha. Kwa anayemtafuta mwandishi wa habari, au mke aliyemkimbia mume anayempiga, latosha pia.

Kuna jambo baya zaidi lililoongezeka. Tangu kizazi cha tano cha Wi-Fi, ruta hutaka kuelekeza mawimbi upande wa simu badala ya kuyatawanya. Ili ifanye hivyo inahitaji kujua hali ya njia kama simu inavyoiona, na simu humjibu: hupima, hufupisha, hutuma ripoti. Ripoti hiyo hutumwa wazi. Yaani kifaa chenyewe huandika barua ya kueleza chumba, kisha huipeleka bila bahasha. Mwaka 2025 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walizikusanya ripoti za aina hii katika jaribio la watu 197, wakaweza kumtambua mtu ni nani kwa usahihi wa karibu asilimia 100, hata kama hakubeba simu. Walioathirika si wenye vifaa peke yao. Ni yeyote anayepita katikati ya vifaa vya wengine.

Kuvaa lafudhi ya uongo

Mtu wa kwanza kufikiri juu ya ulinzi angesema: zuieni mawimbi yasitoke nje. Kundi la Chicago liliupima uwezekano huo na likaona haufai kwa matumizi ya kawaida; ukipunguza nguvu za ruta hadi isisikike barabarani, haitasikika pia chumbani mwa mwisho. Wengine wangesema: simbeni na hodi. Lakini hodi iliyosimbwa haitumiki tena kama hodi kwa kifaa kigeni kinachotaka kuunganishwa kwa mara ya kwanza.

Njia iliyobaki ni ya kijanja. Rudini kwa Ladefoged na Broadbent. Msikilizaji humzoea msemaji kwa sentensi ya kwanza, kisha husikia yaliyobaki kwa kipimo hicho. Hajali lafudhi ile ni ya kweli au ya kuigiza. Msemaji akiigiza lafudhi ngeni tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ataeleweka vilevile, ila msikilizaji ataondoka na wazo la uongo juu ya mahali alikotoka.

Ndivyo inavyofanywa. Kabla pakiti haijatoka kwenye antena, kifaa huipitisha yote, hodi na ujumbe pamoja, katika kichujio kidogo cha kubuni. Kisha inapita katika kichujio cha pili, yaani chumba halisi. Mpokeaji analinganisha hodi aliyopata na ile anayoijua, na anachopima ni mchanganyiko wa vichujio vyote viwili. Anauondoa mchanganyiko huo mzima kutoka kwenye ujumbe, na ujumbe unasomeka bila shida, kwani nao ulipita katika vichujio vile vile. Mdukizi naye anapima mchanganyiko. Hana njia ya kusema hapa ndipo chumba kinapoishia na hapa ndipo uongo unapoanza. Kihesabu ni kuzidisha tu: ukiambiwa zao ni 12, huwezi kujua kama ni 3 mara 4 au 2 mara 6.

Kazi hii imefanyika kwa vifaa halisi. Marco Cominelli, Francesco Gringoli na Renato Lo Cigno wa Brescia, Italia, waliijaribu dhidi ya mashine zinazokisia mahali mtu aliposimama chumbani. Huko Ghent, Ubelgiji, Xianjun Jiao na wenzake waliiweka mwaka 2021 katika openwifi, mradi wao wa Wi-Fi ambao ndani yake kila mtu anaruhusiwa kusoma na kubadilisha.

Kwa jina la Kiswahili ninapendekeza "kutibua njia", na si "kuficha njia". Mvuvi akitibua maji, samaki hawaondoki, wala maji hayaachi kutiririka. Wanaacha kuonekana tu. Hali ya njia haiwezi kufichwa, kwa kuwa bila yenyewe hakuna mawasiliano. Inaweza kutibuliwa.

Utamu na ugumu uko katika namna ya kutibua. Tuseme kichujio cha uongo ni kimoja na hakibadiliki. Kitafaa nini? Karibu hakuna. Anayesoma chumba hasomi sura yake ya kudumu, anasoma mabadiliko. Na kama uongo haubadiliki, mabadiliko yote atakayoyaona ni ya kweli. Ni sawa na mtu aliyevaa barakoa ile ile kila siku: hatujui sura yake, lakini tunajua amekuja na ameondoka.

Basi tubadilishe kichujio kwa kila pakiti, bila mpangilio wowote. Hapo nako kuna mtego. Binadamu ni mzito. Mtu anayetembea husogea kama mita moja kwa sekunde, na katika sekunde hiyo pakiti mamia kadhaa zimepita. Mdukizi mvumilivu atachukua wastani wa pakiti nyingi zilizofuatana, uongo wa haraka haraka utafutana wenyewe kwa wenyewe, na kitakachobaki chini kama mashapo ni mwendo wa polepole wa mtu. Kwa hiyo uongo mzuri lazima uwe na mwendo wa kibinadamu: ubadilike taratibu, upande na kushuka kama mtu anavyoingia, anavyoketi, anavyosimama dirishani. Kilichotengenezwa hapo, kwa kweli, ni mgeni asiyekuwepo anayezungukazunguka nyumbani. Na lazima awe na kiasi. Kichujio kikali mno kitaua baadhi ya vijimkondo, makosa yataongezeka, na mwenye mtandao atalipa faragha yake kwa kasi ya intaneti.

Masikio mawili

Hadi hapa nimemchukulia mdukizi kuwa na sikio moja. Akiwa na mawili, mambo yanageuka, na hili ndilo eneo ambalo makala za kuuza bidhaa hupenda kulipita kimya.

Mdukizi mwenye antena mbili husikia pakiti ile ile kutoka sehemu mbili. Uongo ulitiwa kwenye chanzo, kabla mawimbi hayajatawanyika, kwa hiyo ni ule ule kwa antena zote mbili. Njia halisi za chumba kwenda kwenye antena ya kwanza na ya pili hazifanani. Akigawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili, uongo unajifuta juu na chini, na kinachobaki ni uwiano wa njia mbili za kweli. Uwiano huo hauonyeshi chumba kizima, lakini hubadilika kila mtu anaposogea. Wasikilizaji wawili waliokaa pembe mbili za ukumbi wangeweza kufanya vivyo hivyo: walichokisikia sawasawa ni cha msemaji, walichokisikia tofauti ni cha ukumbi.

Ruta nyingi za siku hizi zina antena zaidi ya moja na zinaweza kutia uongo tofauti kwa kila antena, jambo ambalo humtatiza mdukizi wa masikio mawili. Simu ya bei nafuu yenye antena moja haina uwezo huo, na chumba kinasomeka kupitia kifaa chochote kinachotuma: televisheni, printa, simu ya mgeni. Ruta peke yake ikivaa lafudhi ya uongo huku printa ikisema kwa lafudhi ya kweli, kazi imekuwa bure. Na kama mdukizi ameleta kitumaji chake mwenyewe akakielekeza kwenye ukuta, hodi ni yake, na vichujio vyetu havimgusi.

Ndiyo maana kundi jingine limehama kutoka kwa msemaji na kwenda kwenye ukumbi wenyewe. Mwaka 2022 watafiti wa Bochum na Köln, Ujerumani, walieleza IRShield. Ni bamba la kutundikwa ukutani lenye vipande vingi vidogo vinavyoakisi mawimbi, na kila kipande kinaweza kugeuza namna kinavyoakisi kwa amri ya umeme. Bamba halitumi chochote. Linabadilisha mwangwi wa chumba ovyo ovyo, kama kuta zenyewe zinatembea. Kwa kuwa sasa uongo umo ndani ya njia na si kwenye chanzo, antena mbili haziupati sawa, na kugawanya hakusaidii. Dhidi ya shambulio la kugundua mwendo wa watu, walishusha kiwango cha kugundua hadi asilimia 5 au chini yake. Bei yake ni bamba lenyewe: kitu cha ziada cha kununua, kutundika mahali panapofaa na kulisha umeme.

Ufunguo anao nani?

Kuna swali ambalo wahandisi hulijibu kwa sentensi moja nami ninadhani linastahili ukurasa. Uongo unaotiwa na kichujio si wa bahati nasibu halisi. Unatokana na kanuni inayoanzia kwenye namba ya siri, na mwenye namba hiyo anaweza kuurudia, kuugawanya, na kubaki na chumba cha kweli. Mradi wa Ghent ulieleza jambo hili wazi tangu mwanzo: kutibua njia kwa wote, isipokuwa kwa aliyeruhusiwa.

Sababu ni nzuri. Kuhisi kwa Wi-Fi kuna faida za kweli: kugundua mzee aliyeanguka bafuni bila kumwekea kamera, kupima pumzi za mgonjwa bila waya mwilini. Mwaka 2025 IEEE ilitoa kiwango cha 802.11bf, kinachoifanya kazi hii kuwa sehemu rasmi ya Wi-Fi. Basi vifaa vitasoma vyumba, na swali ni kwa ajili ya nani. Kitaalamu mwenye ufunguo ni ruta. Lakini ruta ni ya nani? Katika nyumba za kupanga mara nyingi ni ya mwenye nyumba. Katika bweni ni ya chuo. Mahali pengi ni ya kampuni inayouza intaneti, inayoweza kuifikia kutoka mbali ili kuirekebisha. Kutibua njia kunamfungia mlango mpita njia wa barabarani. Hakumfungii aliyeshika ruta. Anayetangaza kwamba faragha imelindwa bila kusema ufunguo uko wapi hajasema kitu.

Sheria yetu ina nafasi ya kuanzia. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, na haki ya siri ya barua, ya mawasiliano ya simu na ya namna nyingine yoyote ya kuwasiliana. Someni kwa makini, kama tunavyosoma matini yoyote. Sehemu ya pili inalinda mawasiliano, yaani maneno yanayokwenda kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Mtu anayelala chumbani mwake hawasiliani na yeyote. Mawimbi ya ruta ya jirani yanapita tu juu ya kifua chake. Kwa maoni yangu anakingwa na sehemu ya kwanza peke yake, ile ya maisha binafsi. Kanuni ya kidijitali iliyotolewa kwa sheria-amri ya 13 Machi 2023 inazungumzia data za mtu binafsi, na hapo wanasheria watakuwa na kazi: orodha ya namba 56 zinazoonyesha jinsi mawimbi yalivyopungua nguvu, je, ni data ya mtu? Baada ya jaribio la Karlsruhe, sioni jinsi ya kujibu hapana. Watafsiri wa kitivo chetu watakaoombwa kuiweka sheria hiyo katika lugha za taifa watakutana na swali hili kabla ya wanasheria, kwa kuwa ni lazima wachague neno.

Kwa sasa, kutibua njia bado ni kazi ya maabara. Msomaji asitarajie kuona kitufe chake katika ruta aliyonunua mjini. Wengi wetu hununua mega na kutumia simu kama ruta, na hilo lenyewe lina nafuu kidogo, kwani simu inayohamahama mfukoni ni chanzo kibaya cha kumsomea mtu chumba: mdukizi hajui kilichobadilika ni chumba au ni simu. Wenye ruta iliyotulia wanaweza kuiweka mbali na ukuta wa barabarani, na kuunganisha kwa waya vifaa visivyotembea, kwa maana kifaa kilichozimiwa Wi-Fi hakibishi hodi. Kuizima ruta nako ni ulinzi, lakini si kwa kila saa. Anayeizima kila anapotoka na kuiwasha anaporudi amempa anayesikiliza nje jibu la swali la kwanza bila hata kumtaka apime chochote.